Suti Achora Hoteli ya Upepo

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kioo wa hoteli kwa gundi nyingi kuliko ilivyohitajika, kana kwamba baraza la jiji lilihofia hoteli yenyewe ingelibandua. Lilisema kwamba hoteli zote za katikati ya mji zitapewa leseni mpya iwapo tu zitakuwa rafiki wa mazingira. Ambazo hazitakuwa rafiki zitafungwa kabla ya msimu wa joto kwisha.

Watu wengi walilisoma wakapita. Mtu mmoja alilisoma, akarudi nyuma hadi ukingoni mwa barabara, akainua kichwa na kulitazama jengo zima. Lilikuwa la ghorofa tano, la zamani, na kila dirisha lilikuwa na kiyoyozi kilichoota kutu, kikiwadondoshea maji wapita njia bila ubaguzi. Mtu huyo hakuona kutu. Ndani ya kila kiyoyozi mna shaba, na mota ya lifti imefungwa nyaya za shaba, na jenereta kadhalika, na mahali penye boila ya maji ya moto hapakosi mabomba ya shaba. Aliitazama hoteli kama mtu anavyomtazama kuku aliyekwisha nyonyolewa.

Mtaani kwao watu waliitwa majina ya kila aina, yeye aliitwa Suti, kwa sababu alikuwa nayo moja, ya kijivu. Ndani ya suti hiyo alishakuwa wakala wa bima, daktari wa mimea, na kwa wiki chache mwalimu wa kuongea mbele za watu. Kwa haki lazima isemwe kwamba hakuwahi kumtishia mtu, wala kumwibia mtu akiwa usingizini. Watu walimpa wenyewe, wengine wakamsaidia kubeba. Kazi yake aliifanya kwa kanuni mbili. Kwanza, haombi fedha, maana mtu akiombwa fedha huzinduka. Pili, hatii sahihi popote. Karatasi, alisema, ina meno. Maneno hayana.

Jioni hiyo alikwenda kwa dada yake, ambaye alikuwa dobi na ambaye uani kwake hapakuwa na nafasi ya kupita kwa mashuka yaliyoanikwa. Mume wa dada alikuwa amelala chini ya lori lake, miguu nje.

"Shemeji," Suti alisema na ile miguu, "lori linatembea?"

"Likibembelezwa."

"Basi anza kulibembeleza. Nimepata mzigo wa shaba ya hoteli nzima."

Miguu ikatulia. Shemeji akajivuta nje, uso wote oili. "Safari hii unakwenda kuwa nani?"

"Msanifu majengo. Mtaalamu wa hoteli rafiki wa mazingira."

"Unajua kuchora?"

"Shemeji, nilijua udaktari?"

Jibu hilo lilimridhisha shemeji, ambaye alikuwa mtu wa kuridhika upesi. Dada, kutoka nyuma ya shuka, hakuridhika.

"Nyie wawili, mkinong'ona hapa nguo zangu zinachafuka. Na wewe kaka, mara ya mwisho ulipomkodi mume wangu alirudi amebeba miche ya ndimu ambayo haikuwa ndimu."

"Dada, mimi nahangaikia nini kama si nyinyi? Shaba hii ikiuzwa, kile kiwanja chenu cha nje ya mji tunakipandishia nyumba."

Dada akanyamaza. Kwenye kiwanja kile, kilichozungushiwa ukuta na kisicho na kitu ndani zaidi ya majani, alikuwa ameahidiwa nyumba tangu siku ya harusi. Ahadi ya nyumba ilikuwa kitu pekee kilichoweza kumnyamazisha, na kaka yake alilijua hilo, akalitumia kwa uangalifu.

Mwenye hoteli alikuwa mjane mfupi, mnene, mpole, ambaye miwani yake ilining'inia kifuani na ambaye wafanyakazi wote walimwita Mama Hoteli. Suti alimkuta mapokezi akikunja vitambaa vya mezani. Hakujitambulisha. Alisimama katikati ya ukumbi, akafumba macho, akasikiliza.

"Shikamoo, mama. Hoteli hii inaumwa."

"Marahaba, mwanangu. Inaumwa nini?"

"Homa. Mashine zake zinatema joto nje, joto linarudi ndani kwa mlango, mashine zinazidi kuhema. Ni kama mtu anayejipepea kwa bakuli la uji wa moto."

Mama Hoteli akaweka kitambaa chini. Alivaa miwani yake akamtazama, kisha akaivua akamtazama tena, kana kwamba alitaka kulinganisha.

"Umelisoma lile tangazo, mwanangu."

"Nimelisoma, na moyo ukaniuma. Mimi ni msanifu wa majengo ya aina hiyo."

"Mimi hoteli hii niliachiwa na marehemu. Wahudumu wangu wengine wameanza kazi hapa hawajaoa, sasa wana wajukuu. Ikifungwa, tunafungiwa nje wote." Alisema bila kulalamika. "Nimewaita wasanifu wawili. Wa kwanza alitaja malipo yake nikaomba maji ya kunywa. Wa pili sikumngoja ataje. Wewe unatoza nini?"

"Sitozi."

"Hutozi?"

"Mama, mtu hatozi kwa kuokoa hewa anayoivuta mwenyewe. Nitachora bure. Na mashine hizi zote chafu nitazibeba mimi, bure, nizipeleke kwenye kituo changu maalumu, zizikwe kwa heshima."

Hapo uso wa Mama Hoteli ulibadilika kidogo. Suti, aliyesomea nyuso kuliko alivyosomea kitu kingine chochote, aliyaona mabadiliko yale na kuyaita shukrani.

"Zote?" mama aliuliza.

"Zote."

"Hata jenereta lile la uani?"

"Hasa hilo."

"Na boila ya chini, ile kubwa, iliyovikwa ule ufumwele mweupe wa asbesto?"

"Mama, ile boila inanikosesha raha, na bado sijaiona."

"Basi karibu chai," alisema Mama Hoteli.

Akapewa chumba cha ghorofa ya kwanza afanyie kazi. Mara tu alipobaki peke yake, au alipodhani amebaki peke yake, alikwenda kwenye bomba lililopita chini ya dirisha, akatazama huku na huku, akalikwaruza kwa ukucha. Rangi ikabanduka. Chini yake kukang'aa wekundu mtamu wa shaba halisi. Suti akatabasamu peke yake kama bwana harusi. Mlangoni, Mama Hoteli, aliyekuwa ameleta sukari iliyosahaulika, akageuka akaondoka nayo bila kubisha hodi.

Sasa ilibidi kuchora. Suti aliitisha karatasi kubwa, penseli na rula, akakaa. Hakujua chochote kuhusu usanifu, lakini alikuwa na kitu ambacho wasanifu wengi hawana: alijua kwa uhakika anachokitaka. Kila mstari aliouchora ulijibu swali moja tu, nalo ni kwamba shaba iko wapi na itatokaje.

Lifti ilikuwa na mota nzito juu ya paa. Ili itoke, lifti ife. Ili lifti ife, lile shimo lake refu lazima lipewe kazi nyingine. Suti akafikiri, akaandika: *dohani la upepo*. Hewa ya moto itapanda humo na kutoka juu. Ya baridi itaingia chini kutoka uani penye kivuli. Aliliandika kwa sababu lilikuwa na mlio mzuri. Viyoyozi vitoke, mahali pake yawekwe madirisha marefu yenye mbao za kupangika, zinazozuia jua na kupitisha upepo. Jenereta litoke, mahali pake pachimbwe tangi la maji ya mvua. Mabomba ya boila yatoke. Maji yapashwe na jua juu ya paa, ndani ya mapipa yaliyopakwa rangi nyeusi. Kwa kuwa mabomba ya maji machafu nayo aliyatilia shaka kuwa na shaba, akaamuru yabadilishwe, na maji ya kuogea yateremke kusafisha vyoo badala ya kwenda bure. Kuta za ndani zilizoziba njia ya nyaya alizichora zikivunjwa. Alipomaliza, alijikuta ameitazama ile michoro kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili utapeli wa kawaida. Ilikuwa safi. Kidogo alijionea huruma kwamba hapakuwa na mtu wa kuijenga.

Mama Hoteli aliitandaza juu ya meza ya mapokezi, akaifuata kwa kidole kutoka chini hadi juu.

"Wageni watapanda ngazi?"

"Watapanda, mama, na watakushukuru. Daktari angewatoza."

"Na huu upepo, utapanda kweli?"

"Upepo ukionyeshwa njia haukatai."

"Umesema vizuri," alisema mama, akaikunja michoro na kuiweka kwapani. "Nipe nafasi niwaandae wafanyakazi. Wataning'olea hizo mashine wao wenyewe, wazifunge vizuri kwa nailoni zisije zikakumwagia uchafu njiani. Wewe usijichoshe. Mtu wa cheo chako hashiki bisibisi."

Jambo hili lilimkera Suti kidogo, kwa maana angependa kuwepo. Lakini msanifu aliyevaa suti hawezi kuchuchumaa nyuma ya kiyoyozi na kuhesabu misumari yake, na yeye alikuwa msanifu. Huo ndio ubaya wa kuwa mtu mwingine: inabidi uwe yeye hata wakati usiofaa. Akainamisha kichwa kwa ukubwa, akaenda nyumbani kungoja.

Alipoitwa, alikuta uani pamejaa watu. Mashine zilikuwa zimepangwa, kila moja imefungwa nailoni na utepe kama mgonjwa aliyetoka kuvunjika. Kulikuwa na wahudumu waliovaa sare safi, mwandishi wa habari mwenye kinasa sauti, na afisa mazingira wa baraza la jiji, mtu mrefu mwenye sura ya kuona kinyaa.

"Mama, hawa ni wa nini?" Suti alinong'ona.

"Wamekuja kukuheshimu, mwanangu. Jambo jema lisifanywe kimyakimya."

Shemeji, aliyekuwa amelirudisha lori nyuma hadi ukutani, alimvuta mkono. "Tupakie tuondoke. Yule mrefu simpendi."

"Tulia. Watu wakitazama, hakuna anayeshuku."

Wabebaji walianza kupakia, wakiguna na kutoa macho kwa uzito. Kila mguno ulimwingia Suti masikioni kama muziki. Uzito ni shaba. Ndipo mwandishi alipomsogezea kinasa sauti karibu na kidevu na kuuliza anajisikiaje, na Suti, ambaye hakuwahi katika maisha yake kunyimwa maneno, akapanda juu ya ngazi ya lori.

"Ndugu zangu!" alisema. "Mnaniona nimebeba vyuma. Sikubeba vyuma. Nimebeba dhambi za mji huu! Gesi zinazotoboa anga, oili inayoua udongo, ufumwele unaoziba mapafu ya watoto wetu. Mtaniuliza, nani atauchukua uchafu huu? Nawajibu: mimi! Kuanzia leo ni wangu, nitaulinda, sitadai senti. Na si wa hoteli hii tu. Yeyote katika mji huu mwenye mashine kama hizi asilale na wasiwasi. Aniletee mimi. Kituo changu kiko wazi, bure!"

Wahudumu walipiga makofi mpaka vigae vikalia. Mama Hoteli alijifuta jicho kwa kitambaa cha mezani. Suti alishuka akiwa amelowa jasho la furaha, na akamkuta afisa mazingira amesimama mbele yake, kile kinyaa kimemtoka usoni, mkono umenyooshwa.

"Ndugu, miaka nimetafuta mtu kama wewe. Sharti la kwanza la leseni hii lilikuwa mashine hizi zitoke na zipate pa kukaa. Boila ile peke yake, hakuna kampuni iliyokubali kuigusa. Mama alikuwa amekata tamaa."

"Tunafanya tuwezalo," alisema Suti.

"Mpokeaji wa taka za namna hii, kama unavyojua, haruhusiwi kuzifungua, kuziuza wala kuzihamisha."

"Kama ninavyojua," alisema Suti.

"Sasa twende tukakione hicho kituo. Nitawatangulia kwa pikipiki, msisumbuliwe njiani."

Msafara ulitoka. Mbele pikipiki ya baraza la jiji, nyuma yake lori, nyuma yake mwandishi kwenye teksi. Ndani ya lori shemeji alibadili gia mara mbili.

"Kituo chetu," alisema shemeji hatimaye, "kiko wapi?"

"Nafikiri."

"Fikiri upesi, kuna njia panda mbele."

"Shemeji, mahali pekee penye ukuta na geti ninapopajua mimi ni..."

"Usiseme."

"...ni kile kiwanja."

"Dada yako ataniua."

"Atatuua wote wawili, hutakuwa mpweke. Pinda kulia."

Afisa alikizunguka kiwanja chote akaridhika nacho. Pako mbali na nyumba za watu, alisema, pana ukuta, udongo wake ni mgumu. Akatoa kwenye begi lake kibao chekundu chenye fuvu la kichwa, akakipigilia msumari getini kwa mkono wake mwenyewe. Mwandishi akapiga picha. Suti akatabasamu, kwa sababu uso wake ulikuwa umezoea.

Walipoondoka, shemeji akachukua nyundo.

"Hawaruhusu kufungua," alisema Suti kwa unyonge.

"Wameshakwenda. Shaba ni shaba."

Wakachana nailoni ya kiyoyozi cha kwanza, wakang'oa mfuniko. Ndani mlikuwa na kifusi. Vipande vya matofali, chokaa, na kigae kimoja cha bafuni chenye ua la buluu. Wakafungua cha pili: kifusi. Mota ya lifti ilikuwa ganda la chuma lililojazwa zege bovu. Jenereta lilikuwa na oili chafu na mchanga. Boila hawakuifungua, waliizunguka kwa mbali, wakiziba pua kwa mashati. Mabomba yaliyoshikamana nayo yalikuwa yamekatwa yote, vizuri, usawa mmoja.

Shemeji aliketi juu ya kiyoyozi. "Kaka," alisema, "tumeingizwa mjini."

Na hapo geti likagongwa. Alikuwa dada. Alikuwa amesikia kila kitu kwenye redio ya jirani, na alikuwa amekuja na mti wa kuanikia nguo. Yaliyosemwa hapo hayahitaji kurudiwa. Inatosha kusema kwamba lile fuvu la getini lilionekana ndilo lenye sura ya upole kuliko wote.

Suti aliitafakari hali yake kwa utaratibu. Kwenda kwa baraza la jiji hakuwezekani. Kuhama mji kuliwezekana, lakini dada alikuwa ameshachukua viatu vyake. Ilibaki kwenda kwa Mama Hoteli, na alikwenda, kwa ndara za shemeji, mara tu alipozipata, wiki tatu baadaye.

Alipoingia mapokezi alisimama. Nje jua lilikuwa linachoma, na humu ndani shati lilimpepea mgongoni. Milango ya lifti ilikuwa imeondolewa, na mahali pake palikuwa na wavu wa mbao. Ukisogea karibu ulisikia hewa ikipanda, taratibu, kama mtu anayevuta pumzi. Juu kwenye ngazi mafundi walikuwa wakipachika madirisha marefu yenye mbao za kupangika. Yalikuwa kama alivyoyachora, hata ile mbao ya chini aliyoichora imepinda kwa sababu rula iliteleza.

"Umeijenga," alisema.

"Si ulichora ijengwe? Keti, mwanangu. Leseni imekuja jana. Wahudumu wangu wamelia kama watoto."

Suti akaketi. "Mama. Zile mashine. Zilikuwa tupu."

"Tupu?" Mama Hoteli alivaa miwani. "Umejuaje? Si ulisema zinakwenda kuzikwa? Maiti anapekuliwa mifuko?"

Suti alijaribu njia nyingine. "Zimejaa kifusi."

"Hilo ni kweli. Kuta zako ulizosema zivunjwe zilitoa kifusi kingi, na wewe ulikuwa na lori." Alimmiminia chai. "Nitakwambia, maana umenifaa sana. Mimi miaka yote sikujua kama ndani ya mashine zile mna kitu cha maana. Nilikuletea sukari, nikakuta msanifu anakwaruza bomba kwa ukucha. Nikajiuliza, huyu mtoto anatafuta nini? Nikamwita fundi, akanieleza. Basi shaba ndiyo iliyowalipa mafundi hawa wote unaowaona. Isingekuwa wewe, hoteli hii ingefungwa na shaba yake tumboni."

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilijua unakwenda kuwa mwizi," alisema mama kwa upole. "Sikujua unakwenda kuwa msanifu. Hilo limenishangaza hata mimi. Dohani lile lina akili."

Hapo, kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yale, Suti alikaa wima. Alilitazama lile shimo la upepo. Ni vigumu kusema mtu anajisikiaje anapoibiwa na kusifiwa kwa wakati mmoja. Pengine ndiyo sababu alikunywa chai yote bila kutia sukari.

"Kweli lina akili?" aliuliza.

"Afisa mazingira aliligusa kwa mkono. Wenye hoteli wenzangu wamekuja kulitazama, wiki iliyopita walikuja watatu. Wote wanataka mashine zao zitoke."

Matumaini yalimrudia Suti mwilini kama damu kwenye mguu uliokufa ganzi. Hoteli tatu! Na safari hii angesimama mwenyewe wakati wa kuzing'oa. "Umewaambia nini, mama?"

"Kila kitu. Kuhusu shaba, kwamba waitoe kwanza. Na kuhusu kituo chako. Walidhani naota niliposema hutozi, ikabidi niwasikilizishe hotuba yako niliyoinasa redioni." Mama Hoteli alichukua kitambaa cha mezani akaanza kukikunja. "Wenyewe hawakijui kiwanja, kwa hiyo nimewachorea ramani. Kunywa chai nyingine, mwanangu. Malori yao yameshaondoka."